Ahadi ni Deni, Lakini Nani Mdai?

Mwezi wa Desemba mwaka wa 1989, Mahakama Kuu ya Nairobi ilitoa uamuzi ambao kila mwanafunzi wa sheria katika nchi hii hana budi kuusoma. Profesa Wangari Maathai alikuwa amekwenda mahakamani kuzuia ujenzi wa jumba la orofa 60 katika bustani ya Uhuru Park. Mahakama haikumwambia kwamba bustani ile haina thamani kwa wananchi, wala haikumwambia kwamba jumba lile halitaleta madhara. Ilimwambia kwamba yeye hakuwa mtu wa kuuliza. Hakuonyesha madhara yaliyompata yeye binafsi kuliko raia wengine, na kwa hiyo hakuwa na haki ya kusimama mbele ya mahakama. Aliyeweza kusimama kwa niaba ya umma ni Mwanasheria Mkuu peke yake, naye alikuwa mtumishi wa serikali ileile iliyolitaka jumba hilo.

Wakati huo nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, nami nilikuja kuisoma kesi hiyo miaka mingi baadaye katika chuo kikuu. Twajua yaliyofuata. Wananchi walipiga kelele, wakopeshaji wa nje wakaingiwa na shaka, na mradi ukaachwa. Katika bustani hiyohiyo, mapema mwaka wa 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa wakifunga kula, hata walipopigwa na kutawanywa wakapata hifadhi katika kanisa kuu la All Saints lililo jirani. Bustani iliokoka, lakini haikuokolewa na sheria. Sheria ilikuwa imekwisha kufunga mlango na kusema: hapa hakuna mdai.

Nayakumbusha hayo, ndugu msomaji, kwa sababu mlango uliofungwa mbele ya Wangari Maathai mwaka wa 1989 ndio uliofungwa leo mbele ya mataifa madogo na watu wao kila wanapotaka kuuliza habari za mikataba ya kimataifa ya mazingira. Wazee wetu walisema ahadi ni deni. Wakili akilisikia neno hilo huongeza maswali mawili: mdai ni nani, naye atadai wapi? Deni lisilo na mdai ni sadaka, na mwenye kutoa sadaka hutoa apendapo, kiasi apendacho, na siku apendayo.

Tuutazame Mkataba wa Paris, uliopitishwa tarehe 12 Desemba 2015. Nchi zilikubaliana kuzuia joto la dunia lisipande kupita kiwango kilicho chini sana ya nyuzi 2, na kujitahidi lisipite nyuzi 1.5, kulinganishwa na wakati wa kabla ya viwanda. Maneno hayo ni mazuri. Lakini kila nchi hujiandikia yenyewe kiasi cha gesi itakachopunguza, na kila baada ya miaka mitano huandika upya. Kamati iliyowekwa na Kifungu cha 15 kuangalia utekelezaji imeelezwa katika mkataba wenyewe kuwa isiyo ya ugomvi wala ya kuadhibu. Siku ya kuwasilisha ahadi mpya ilipofika, mwezi wa Februari 2025, nchi zilizokuwa zimewasilisha hazikufika 20 kati ya zaidi ya 190. Je, zilizochelewa zilipatwa na nini? Hazikupatwa na lolote.

Ndivyo ilivyo pia kwa fedha. Mwaka wa 2009, huko Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi kutoa dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020 ili kuzisaidia nchi maskini. Kwa hesabu za nchi tajiri zenyewe, kiasi hicho kilifikiwa mara ya kwanza mwaka wa 2022, na sehemu kubwa yake ilikuwa mikopo. Fikiria, ndugu yangu: jirani amekuchomea ghala, kisha anakukopesha nafaka na kukutoza riba! Mnamo Novemba 2024, huko Baku, nchi zinazoendelea ziliomba dola trilioni 1.3 kwa mwaka. Zikaahidiwa bilioni 300, na hizo zifike ifikapo 2035.

Msomaji atauliza: yatuhusu nini hayo, sisi tulio na shida za ufisadi, ushuru na kura? Yatuhusu sana. Kati ya mwaka wa 2020 na mapema 2023, mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo katika Pembe ya Afrika. Hapa Kenya mifugo zaidi ya milioni mbili walikufa, na Wakenya zaidi ya milioni nne wakahitaji chakula cha msaada. Kutoka Turkana hadi Garissa, mzee aliyekuwa na mali akabaki na fimbo. Kisha, kati ya Machi na Mei 2024, mvua ikaja kwa ghadhabu, ikaua watu zaidi ya 200, miongoni mwao wale wa Mai Mahiu waliofunikwa na maji na matope usiku wakiwa wamelala. Wengi wenu mliosoma hadi hapa mlifungua milango ya makanisa yenu kuwapokea walioponea chupuchupu. Mlizika. Mlichanga blanketi. Kenya hutoa sehemu ndogo mno ya gesi zinazoipasha dunia joto, haifiki hata asilimia moja. Mnyonge amebebeshwa mzigo usio wake, na alipouliza ameambiwa, kama alivyoambiwa Wangari Maathai, kwamba yeye si mtu wa kuuliza.

Wako watakaosema kwamba hiyo ndiyo tabia ya sheria za kimataifa, kwamba mataifa hayana askari wala jela, na mwenye nguvu mpishe. Nasema la hasha! Uko mkataba mmoja wa mazingira uliofaulu, na ofisi yake ya kuusimamia iko hapa hapa Nairobi, katika makao ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa huko Gigiri. Ni Itifaki ya Montreal, iliyotiwa sahihi mnamo Septemba 1987 ili kulinda tabaka la ozoni, ile ngao ya angani itukingayo na miale mikali ya jua. Gesi zilizokuwa zikitumiwa katika mafriji, mitambo ya kupoza hewa na mikebe ya kupulizia zilikuwa zikiila ngao hiyo. Leo nchi zote za Umoja wa Mataifa zimeiridhia itifaki hiyo, na karibu asilimia 99 ya kemikali ilizozipiga marufuku zimekwisha kuondolewa. Wanasayansi watarajia kwamba sehemu kubwa ya tabaka hilo itarudi katika hali ya mwaka wa 1980 ifikapo mwaka wa 2040 hivi, na juu ya Ncha ya Kusini ifikapo 2066 hivi.

Kwa nini huu ulifaulu? Mimi ni mwanasheria, na nimeusoma kama nisomavyo mkataba wa mteja wangu. Naona mambo manne.

La kwanza, kila nchi ilipewa wajibu ulioandikwa kwa tarehe na kwa kiasi. Nchi maskini ziliongezewa miaka kumi, lakini hata nazo hazikuachwa zijiandikie. La pili, mwaka wa 1990 uliundwa mfuko wa pamoja ambao nchi tajiri huuchangia kwa viwango vilivyokadiriwa, ili nchi maskini zilipiwe gharama ya kubadili mitambo. La tatu, wanachama walikatazwa kufanya biashara ya kemikali hizo na nchi iliyokaa nje. Kukaa nje kukawa ghali kuliko kuingia. La nne, na hili ndilo watu wengi hawalijui, maafikiano yakishindikana kuhusu kuharakisha upunguzaji wa kemikali zilizomo tayari, kura hupigwa. Theluthi mbili zikikubali, pamoja na wingi wa nchi tajiri na wingi wa nchi maskini, uamuzi huwafunga wote, hata aliyesema hapana. Tajiri hawezi kumburura maskini, wala maskini hawezi kumburura tajiri, na hakuna mtu mmoja awezaye kuwazuia wote.

Linganisha na mikutano ya tabianchi. Tangu mkutano wa kwanza wa Berlin mwaka wa 1995, nchi zimeshindwa kupitisha kanuni ya kupiga kura, na kwa hiyo kila jambo hungoja maafikiano ya wote. Ugonjwa huo umeambukiza pia mazungumzo ya mkataba wa plastiki. Mkataba huo ulizaliwa hapa Nairobi tarehe 2 Machi 2022, katika Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa, na ilikusudiwa uwe tayari kufikia mwisho wa 2024. Huko Busan, Korea Kusini, zaidi ya nchi 100 zilitaka mkataba upunguze utengenezaji wenyewe wa plastiki. Nchi chache zenye kuchimba mafuta, malighafi ya plastiki, zikakataa, na zikakataa vilevile jambo hilo lisipigiwe kura. Mkutano ukavunjika. Geneva, Agosti 2025, ukavunjika tena. Sisi tuliopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu kali hata kwa mama muuza mboga, twaambiwa kwamba wenye viwanda vikubwa wa dunia hawawezi kuwekewa hata kipimo. Sheria kali kwa mama muuza mboga, na maombi ya upole kwa mwenye kisima cha mafuta!

Sitaki kumdanganya msomaji. Kazi ya ozoni ilikuwa nyepesi kuliko hii. Kemikali zile zilitengenezwa na makampuni machache, na mbadala wake ulipatikana upesi. Makaa ya mawe, mafuta na gesi vimo katika kila jiko, kila gari na kila kiwanda. Tena yuko atakayenikumbusha kwamba Itifaki ya Kyoto ya mwaka wa 1997 ilikuwa na viwango vya lazima na hata adhabu, na bado Marekani haikuiridhia, na Kanada ikajitoa mnamo Desemba 2011. Hoja yake ni kwamba mkataba wenye meno huwafukuza wakubwa.

Nimeipima hoja hiyo na naiona pungufu. Kyoto ilikuwa na adhabu kwa aliyemo ndani, lakini haikuwa na gharama yoyote kwa aliyetoka nje. Kanada ilipoondoka haikupoteza soko hata moja. Na Mkataba wa Paris, uliotengenezwa laini makusudi ili Marekani iingie, je, umeiweka Marekani? Iliondoka mwaka wa 2020, ikarudi 2021, na mnamo Januari 2025 rais wake akatia sahihi amri ya kuondoka tena. Tuling'oa meno ili mgeni asiogope kuingia, naye akatoka vilevile. Sasa hatuna meno, na mgeni hayupo.

Wako pia wenzetu wa Afrika wanaohofia kwamba sheria kali ya dunia itakuwa fimbo ya kutupigia sisi. Hofu yao naiheshimu, kwa maana historia imetufundisha. Lakini tazameni yanayotokea pale sheria ya pamoja inapokosekana. Tangu Januari 2026 Umoja wa Ulaya umeanza kutoza gharama ya hewa ukaa kwa chuma, saruji, alumini na mbolea zitokazo nje. Msumbiji, iliyokuwa ikiuza alumini yake Ulaya, haikuwa na kura katika kuipitisha sheria hiyo, wala hakuna mfuko wa pamoja uliowekwa wa kuisaidia kubadili mitambo. Basi meno yapo, ila yamo katika kinywa cha mtu mmoja. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba tukikataa sheria ya pamoja tutabaki huru. Mwenye nguvu atajitungia yake. Sheria iliyoandikwa na wote ndiyo ngao ya mnyonge.

Mwaka jana mlango mmoja ulifunguliwa kidogo. Vijana wanafunzi wa sheria kutoka visiwa vya Pasifiki walianza mwaka wa 2019 kuzisihi serikali zao ziipeleke kesi ya tabianchi katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Vanuatu, nchi yenye watu wachache kuliko mitaa kadhaa ya Nairobi ikiwekwa pamoja, ikalibeba jambo hilo hadi Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Tarehe 23 Julai 2025, majaji wote 15 huko The Hague walitoa maoni yao kwa kauli moja. Walisema kwamba nchi haziko huru kujiandikia ahadi yoyote zipendayo, bali zatakiwa kutumia bidii ya hali ya juu. Kwamba nchi ikishindwa kuchukua hatua zifaazo, hata katika kutoa leseni za kuchimba mafuta au ruzuku zake, huenda ikawa imetenda kosa chini ya sheria za kimataifa. Na kwamba aliyedhurika aweza kudai fidia akithibitisha uhusiano wa kosa na madhara. Maoni hayo ni ya ushauri, hayamfungi mtu kama hukumu. Lakini yametamka sheria ni ipi, na jaji yeyote wa nchi yoyote aweza kuyasoma.

Sasa nageukia upande ambao twapenda kuukwepa. Ni rahisi kuilaumu Washington. Je, serikali yetu wenyewe imefanya nini na mlango ulio mikononi mwake?

Hapo Arusha ipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mkataba wa Afrika inaousimamia, katika Kifungu cha 24, unawapa watu wote haki ya mazingira yanayofaa kwa maendeleo yao. Kenya imeiridhia itifaki iliyoiunda mahakama hiyo. Lakini Kifungu cha 34(6) cha itifaki chasema kwamba mwananchi au shirika la kiraia haliwezi kwenda huko moja kwa moja mpaka nchi yake itoe tamko la kuruhusu. Kenya haijatoa tamko hilo. Rwanda ililiondoa lake mwaka wa 2016, na Tanzania, mwenyeji wa mahakama yenyewe, ikaliondoa lake mwaka wa 2019. Ndugu zetu Waogiek, walipopewa ilani ya kufukuzwa katika msitu wa Mau mwaka wa 2009, hawakuweza kuingia kwa mlango huo. Ilibidi wapitie Tume ya Afrika, ambayo ndiyo iliyowapeleka mahakamani. Hukumu ikatolewa mwezi wa Mei 2017, na uamuzi wa fidia mwezi wa Juni 2022. Waliishinda serikali, lakini kwa safari ya miaka kumi na mitatu.

Serikali inayosimama Baku na Sharm el-Sheikh kuwadai matajiri haki, kisha ikawazuia raia wake kuidai haki hiyo Arusha, imekata ulimi wake yenyewe. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Nayasema haya kwa matumaini, kwa sababu sisi Wakenya tumekwisha kufungua mlango wa aina hii nyumbani. Sheria ya Mazingira ya 1999 ilianza kuifuta kanuni iliyomzuia Wangari Maathai. Kisha Katiba ya 2010 ikaimaliza. Kifungu cha 42 chatupa haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 chasema kwamba yeyote aweza kwenda mahakamani kuitetea haki hiyo, wala halazimiki kuonyesha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Na Kifungu cha 2(6) chasema kwamba mkataba wowote ulioridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria za Kenya. Yaani Mkataba wa Paris, usio na meno huko duniani, waweza kuota meno katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi au ya Eldoret. Wananchi wa Lamu walionyesha njia. Mnamo Juni 2019, baraza la kitaifa linalosikiza rufaa za mazingira liliifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, likisema kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Walioshinda siku ile ni wavuvi na majirani zao.

Basi napendekeza mambo matatu, na naomba yajadiliwe katika vikundi vyenu na katika mabaraza ya makanisa.

Kwanza, tuitake serikali itoe tamko la Kifungu cha 34(6) bila kukawia. Halihitaji fedha. Lahitaji karatasi moja na sahihi moja. Kila mbunge atakayekuja kuomba kura aulizwe kuhusu sahihi hiyo mbele ya umma.

Pili, tuutake ujumbe wa Kenya, nchi ambayo ni mwenyeji wa Shirika la Mazingira, usimame wazi kudai kanuni ya kura katika mkataba wa plastiki na katika mikutano ya tabianchi, pamoja na mfuko wenye viwango vya lazima. Na kabla ya kila safari ya ujumbe huo, Bunge lielezwe utakwenda kusema nini, na urudipo, umepata nini. Mjumbe asiyetoa hesabu kwa waliomtuma amejituma mwenyewe.

Tatu, tukusanye ushahidi. Kesi nyingi za wanyonge hufa kwa kukosa ushahidi hata pale haki ilipo wazi. Kila parokia na kila usharika una daftari la ubatizo na la mazishi. Liwekwe na daftari la tatu: siku mvua iliponyesha na siku ilipokatika, kisima kilipokauka, ng'ombe wangapi walikufa kwa nani, daraja lipi lilisombwa, nani alizikwa na kwa sababu gani. Liandikwe kwa tarehe, lisainiwe na mashahidi wawili. Siku itakapofika ya kusimama mbele ya jaji, awe wa Malindi, wa Arusha au wa The Hague, tusiende na machozi matupu.

Mwaka wa 1989 mwanamke mmoja aliambiwa hana haki ya kuuliza. Ilituchukua miaka ishirini na mmoja kuandika katika Katiba kwamba alikuwa nayo, na kwamba sote tunayo. Dunia haina miaka ishirini na mmoja ya kungoja. Deni limeandikwa na sahihi zipo, na daftari letu laweza kuanza Jumapili hii baada ya ibada.